Shangazi Namba Ngapi? Maisha ya Kaka Yetu, Rudisha

Leo, Jumanne tarehe 10 Septemba 2024, tumekuja kumsindikiza ndugu yetu ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Rudisha. Mimi ninayesoma ni dada yake ninayemfuata kwa kuzaliwa. Namshukuru Mungu kwa kunipa nguvu ya kusimama. Najua baadhi yenu mmekuja na huzuni, na pamoja na huzuni mmekuja na swali. Fundi cherehani ameketi mstari wa mbele kwa ajili ya hilo swali. Namwomba avumilie. Tutaanzia mwanzo, kama marehemu mwenyewe alivyopenda mambo yaende.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1963, alfajiri, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha tatu kutoka kwenye bomba la maji. Alikuwa kifungua mimba katika watoto watatu. Baba yetu alikuwa fundi wa breki za mabehewa. Mama alifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli ya stesheni. Mama alitusimulia kwamba mtoto huyu alipozaliwa alilia kidogo, akanyamaza, kisha akalia tena kidogo. Mkunga akasema, "Huyu anajisikiliza." Alibatizwa Pasaka ya mwaka huohuo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1970, katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, akamaliza darasa la saba mwaka 1976. Hakuwa wa kwanza wala wa mkiani. Jina la Rudisha alilipata darasa la tatu. Mwalimu alikuwa akiwasomea hadithi, marehemu akanyoosha mkono.

"Unataka kwenda nje?" mwalimu akamuuliza.

"Hapana, mwalimu. Rudisha pale kidogo."

Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akarudisha, akasoma tena ukurasa mzima. Kuanzia siku hiyo jina alilobatizwa nalo likabaki kwenye vyeti tu.

Baada ya shule alikaa na baba karakanani miaka minne, akishika taa na kupitisha spana. Mwaka 1981 akaingia chuo cha ufundi kusomea redio, akapata cheti tarehe 18 Novemba 1983. Akiwa chuoni alikuwa na mchumba, msichana aliyesomea uuguzi mtaa wa pili. Waliachana mwaka 1985 bila ugomvi, kila mtu akashika njia yake. Nalitaja hili kwa ruhusa ya wifi yangu, mjane wa marehemu, kwa sababu linahusika na mambo yatakayokuja. Wifi ni mpiga chapa, na ratiba mliyoshika ameichapa yeye mwenyewe, pamoja na mstari huu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza redio za shirika la reli, kuanzia Februari 1984. Tarehe 2 Mei 1988 akafungua duka lake la kanda za muziki. Lilikuwa chumba kimoja, hatua saba kwa nne, kushoto saluni, kulia fundi cherehani. Mlango ulikuwa wa bluu. Ndani kulikuwa na meza, mashine mbili za kurekodi, rafu mpaka darini, na kalamu moja iliyofungwa kwa kamba ili isiondoke na wateja. Kalamu ile ndiyo iliyoandika lebo zote, na ndiyo iliyozungusha kanda zilizokwama.

Hapa sina budi kumtaja mwimbaji mmoja wa kike, ambaye wapenzi wa nyimbo zake walimwita Shangazi. Walimwita hivyo kwa sababu aliimba kama mtu anayekugombeza huku anakupakulia chakula. Mimi sijui mengi juu yake. Wanaojua wanasema alitoa albamu ya kwanza mwaka 1979 na ya mwisho mwaka 2019, na zote ni kumi na sita. Marehemu alikuwa nazo zote. Majina ya albamu hizo yalikuwa marefu kama barua ya posta, hayakuenea kwenye lebo, kwa hiyo marehemu aliandika kwa namba: SHANGAZI 1, SHANGAZI 2, na kuendelea. Mtaa mzima ukashika namba zake. Mtu alikuwa anaingia pale dukani anasema, "Nipe Shangazi tano," anapewa.

Mdogo wa mabinti zake alipokuwa darasa la kwanza, mwalimu aliwauliza watoto wazazi wao wanafanya kazi gani. Yeye akasimama akasema, "Baba yangu anauza mashangazi. Amebaki nao kumi na mmoja." Mwalimu alimwita mzazi shuleni siku ileile. Marehemu alikwenda na kanda mbili mfukoni za kujitetea, akarudi na moja. Ya pili mwalimu alibaki nayo.

Watu walipenda kukaa pale mlangoni na kubishana ipi ni bora kuliko zote. Fundi cherehani alikuwa upande wa namba nne tangu siku ya kwanza. "Ya nne ndiyo albamu," alikuwa akisema. "Nyingine zote ni mazoezi."

"Na ya tano je?" mwenye saluni aliuliza kutoka dirishani kwake.

"Hiyo ni ya kukaushia nywele, mama."

"Na wewe ya nne ni ya kupotezea vipimo. Suruali ya mume wangu mguu mmoja umefika, mwingine uko njiani!"

Kisha wote walimgeukia mwenye duka awaamue. Naye alijibu maneno yaleyale kila siku, bila kuinua macho kwenye mashine: "Sijachagua. Bado anaimba."

Mwaka 1990 fundi alichoka akaweka dau. Alisema mbele ya mashahidi kwamba siku Rudisha akichagua albamu nyingine isiyokuwa ya nne, yeye atamshonea suti ya vipande vitatu. Akichagua ya nne, Rudisha mwenyewe atanyoa masharubu yake, ambayo fundi hakuyapenda kabisa. Wakapeana mikono.

Biashara ilikuwa na miaka mizuri na mibaya. Mwaka mbaya kuliko yote ulikuwa 1992. Aprili ya mwaka huo ilitoka Shangazi 7. Marehemu aliagiza makasha manne, maana hakuwahi kumtilia shaka yule mama. Kumbe safari hii alikuwa ameacha wapiga magitaa wake na kujaribu vinanda vya umeme. Wateja walinunua Jumamosi, wakarudisha Jumatatu. Jina lake likamgeukia. Makasha yakabaki pale dukani, moja likawekwa mlangoni kushikilia mlango, jingine nyuma ya meza likawa kiti. Hata wanaompenda Shangazi mpaka leo wanaihesabu ya saba kwa kuwa ni lazima ihesabiwe.

Ulipokuja ulimwengu wa CD, na baadaye simu, duka lilipungua. Alilifunga rasmi tarehe 30 Juni 2015, akawa anatengeneza redio na vipaza sauti nyumbani. Vipaza sauti vya kanisa hili alivihudumia miaka thelathini na mmoja bila kukosa Jumapili. Mara nyingi nilimkanya juu ya nyimbo za dunia. Alikuwa ananisikiliza mpaka mwisho, kisha ananiuliza kama kipaza sauti cha kwaya ya akina mama bado kinakoroma.

Marehemu alifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 8 Juni 1991. Walifahamiana mwaka 1989, alipokwenda kuchapishiwa orodha ya kanda katika ofisi ambako wifi alikuwa akifanya kazi. Wifi alichapa Shangazi 1 mpaka Shangazi 6, akasimama, akamuuliza, "Samahani kaka, hawa wote ni dada za baba yako?" Ya sita ilikuwa ndiyo imetoka mwezi huo. Marehemu alimletea nakala kesho yake. Hiyo ikawa albamu ya wifi, na mpaka leo ukimuuliza atakuambia ya sita.

Wiki mbili baada ya harusi, wifi alikuwa akipangusa kabati. Akafungua kikasha cha kanda ya Shangazi 2, akakuta kikaratasi kilichokunjwa kwa mwandiko wa kike: "Kwa Rudisha wangu. Hii usiirudishe." Alijua ni cha nani. Alikikunja akakirudisha mahali pake. Jioni alimuuliza mumewe, kama mtu anayeuliza tu, "Hivi katika hizi zote, ipi unaipenda kuliko nyingine?"

Mume akamjibu kama alivyowajibu wengine: "Sijachagua. Bado anaimba."

Kwa watu wa mlangoni jibu hilo lilikuwa mzaha. Kwa wifi halikuwa mzaha. Alikuja kwangu akaniambia, "Wifi, mtu akikwambia hajachagua, ujue ameshachagua na jibu lake halifai kusemwa nyumbani." Nilimwambia aombe. Aliomba, na hakuwahi kumnunia. Ila kwa miaka thelathini na mmoja kanda ya pili haikupigwa katika nyumba ile wakati yeye yupo, na swali aliliuliza kila sikukuu ya ndoa yao, na jibu halikubadilika. Nyumba yao ilikuwa na amani, Mungu ni shahidi. Hilo moja tu lilibaki kama punje ya mchanga kwenye kiatu.

Katika ndoa yao walibarikiwa mabinti wawili, waliozaliwa mwaka 1993 na 1997. Ofisi ya wifi ilifungwa Mei 1992. Alikaa nyumbani wiki moja akaona kuta zinamtazama, akaanza kwenda dukani kila siku baada ya chakula cha mchana. Alikaa kwenye lile kasha nyuma ya meza, akafuma sweta la mtoto aliyekuwa anamtarajia, wakapiga soga mpaka saa ya kufunga, kwa kuwa wateja hawakuwepo. Mtoto alipozaliwa alimlaza kwenye kasha la pembeni. Kwa kukosa kingine cha kupiga, marehemu alipiga ya saba. Wifi alimwambia, "Mume wangu, hizi ni sufuria zinaporomoka ngazi." Januari 1994 alipata kazi katika shule ya sekondari, akawa haendi tena dukani ila Jumamosi.

Novemba 2022 redio ilitangaza kwamba Shangazi ameacha kuimba kwa sababu ya umri. Walikuwa mezani. Wifi aliweka kijiko chini.

"Haya, baba watoto. Ameacha kuimba."

Marehemu alitafuna, akameza. "Nipe mpaka Pasaka. Nizisikilize zote tena kwa mpangilio, nisije nikamdhulumu mtu."

Januari 2023 sauti yake ikaanza kukwaruza. Tulidhani ni mafua, akanywa tangawizi. Machi alipelekwa hospitali, wakaona uvimbe kooni. Pasaka ikapita akiwa amefika albamu ya tisa. Tarehe 17 Mei 2023 alifanyiwa upasuaji, na tangu siku hiyo hakusema tena kwa sauti. Aliandika kwenye daftari. Kabla ya upasuaji walimnyoa masharubu. Fundi cherehani alipokuja kumwona alisema, "Hii haihesabiwi. Nataka unyoe kwa hiari." Marehemu alicheka kwa mabega.

Wifi hakuuliza tena. Alisema, "Sitamsumbua mgonjwa na habari za nyimbo." Kila alipomwona anachukua daftari kuandika jambo refu, alimpokonya kalamu kwa upole: "Pumzika, baba."

Jumatatu tarehe 26 Agosti mwaka huu aliwahi kalamu kabla yake. Aliandika: NILETEENI SHANGAZI 1.

Chumbani walikuwapo wifi, binti mkubwa na fundi cherehani. Fundi aliruka kutoka kwenye kiti. "Ya kwanza! Jamani, ya kwanza! Mzee wangu, miaka yote hii ulikuwa unatuficha ya kwanza?"

Wifi alikwenda kwenye kabati mwenyewe. Alileta kanda, akaiweka kwenye redio, akabonyeza. Baadaye aliniambia kwamba alimshukuru Mungu, kwa kuwa angalau haikuwa ya pili. Wimbo ukaanza. Marehemu akatikisa kichwa.

"Labda ni upande wa pili," alisema fundi. Wakageuza. Akatikisa kichwa tena, akaligonga lile neno kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Wakaongeza sauti. Akafumba macho kama mtu anayemwomba Mungu subira.

Binti mdogo, yuleyule aliyesema shuleni kwamba baba anauza mashangazi, aliingia akitoka kazini. Alisoma daftari, akaitazama redio, akawatazama wakubwa wake. "Mama, si kanda. Anamtaka Shangazi. Shangazi yetu, yule mkubwa!"

Angeandika "wa kwanza" au "ya kwanza" tungejua mara moja. Lakini mkono wake ulikuwa umezoea kuandika namba tu, na katika nyumba ile namba moja ilikuwa ni ya kanda. Mimi ni dada yake wa kwanza, na nilikuwa mtaa wa tano tu, nafua vitambaa vya madhabahu. Nilipigiwa simu nikaenda na mikono yenye sabuni.

Aliwatoa wote kwa kidole. Fundi alitoka wa mwisho, kinyumenyume. Kisha marehemu akaandika albamu aliyochagua na sababu yake, maneno machache, akayakunja akaniwekea mkononi. Nilimwambia, "Kaka, mimi ndiye niliyekuwa nakukataza nyimbo hizi."

Akaandika: "Ndiyo maana. Wewe huna upande."

Nikamwuliza kwa nini asimpe mke wake mwenyewe, ambaye yuko nyuma ya mlango. Alifikiri, akaandika taratibu. Karatasi hiyo ninayo, nanukuu: "Nikimwambia kitandani, atasema namtuliza. Maneno ya mgonjwa watu huyapokea kama pole. Wewe yasome kwenye maisha yangu, katikati ya tarehe. Hapo atajua ni kweli."

Nikamwambia ni afadhali angeniachia zaburi nisome. Akaandika: "Zaburi unazo."

Nilimwombea, akaitikia kwa kichwa. Hayo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho marefu. Marehemu alilala katika Bwana Alhamisi tarehe 5 Septemba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake, katika kitanda chake, mkewe akiwa amemshika mkono wa kulia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, miezi mitano na siku ishirini na mbili. Tunawashukuru madaktari, wauguzi, na majirani waliokesha na familia. Suti ya vipande vitatu aliyovaa ameishona fundi cherehani kwa siku mbili. Hakungoja jibu. Alisema, "Kwa suti hii sitaki kujua kama nimeshinda au nimeshindwa." Lakini ameketi mstari wa mbele.

Katika ratiba mliyoshika, mahali hapa mtaona pameachwa wazi. Si kosa la uchapaji. Wifi aliponichapia maisha haya, tulipofika hapa nilimwambia aache mistari minne. Alinitazama, akaacha minane ili nisije nikakosa nafasi. Basi wifi yangu, hiki ndicho kilichokusudiwa kukaa hapo, kwa mwandiko wa mume wako, na baada ya leo karatasi ni yako:

"Shangazi 7. Nzuri si nzuri, najua. Niliirudia tena yote mwezi wa nne nikahakikisha si nzuri. Lakini ndiyo aliyoikalia mama watoto mwaka mzima na nusu, kila siku baada ya chakula cha mchana, na sikutaka mteja aingie. Hakuna nyingine niliyoisikiliza na mtu. Mwambieni fundi nimeshinda, na masharubu yangeota tena."

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na dada wawili, yaani mimi na mdogo wangu. Ameacha pia jirani mmoja wa upande wa kulia na mmoja wa upande wa kushoto, ambao tunawahesabu kuwa ndugu. Kwenye kabati la kioo ameacha Shangazi kumi na watano. Wa kumi na sita alikutwa ndani ya redio iliyo kando ya kitanda, asubuhi ile, kanda imesimama katikati ya upande wa kwanza. Haya nayo hayamo kwenye ratiba: nilikuwa wa kwanza kuifungua redio. Ilikuwa namba saba, nikaifunga tena, nikanyamaza mpaka leo.

Mungu wa rehema ampokee mtumishi wake, amlaze mahali penye utulivu, na atukutanishe naye siku ile. Pumzika, kaka. Tumesikia.